Monita Mpya kwa Kompyuta ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kompyuta nyingi zinazotumika katika shule, zahanati, steshenari na ofisi ndogo za Afrika Mashariki ziliingia nchini zikiwa zimeshatumika ng'ambo, na baadhi yake bado zinafanya kazi nzuri miaka kumi na tano au zaidi baada ya kutoka kiwandani. Siku monita yake inapozimika moja kwa moja, mwenye kompyuta huenda Kariakoo au Luthuli Avenue, hurudi na monita nyembamba inayopendeza macho, kisha hugundua kwamba waya uliomo ndani ya boksi hauna pa kuingia nyuma ya kompyuta yake. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na pia kwa ajili ya mtu ambaye hajanunua bado na anaweza kuepushwa na gharama isiyo ya lazima.

Nianzie wapi kabla sijanunua chochote?

Anza kwa kuigeuza kompyuta na kutazama mgongo wake, utafute tundu linalopeleka picha kwenye monita. Tundu la VGA lina umbo linalokaribia herufi D, lina vitundu 15 vilivyopangwa katika safu tatu, na mara nyingi limepakwa rangi ya buluu. Tundu la DVI ni pana zaidi, kwa kawaida ni jeupe, na upande wake mmoja lina mwanya bapa. DisplayPort ni mstatili mdogo uliokatwa kona moja tu, ilhali HDMI imebanwa kona zake zote mbili za chini. Piga picha mgongo wa kompyuta kwa simu yako, upige na mgongo wa monita unayoikusudia, kisha uzilinganishe hizo picha mbili kabla ya kutoa pesa.

Angalia pia kama kuna matundu ya picha katika sehemu mbili tofauti. Kompyuta iliyoongezewa kadi ya michoro, yaani kadi inayotengeneza picha za kioo, huwa na tundu moja karibu na matundu ya USB na jingine chini zaidi, kwenye kadi yenyewe. Katika kompyuta nyingi za zamani tundu la juu hunyamaza mara kadi inapowekwa, na wapo watu waliorudisha dukani monita nzima kabisa kwa sababu tu walichomeka waya katika tundu lililonyamaza.

Ikiwa hujanunua bado, ushauri wangu wa kwanza ni huu: tafuta monita ambayo bado ina tundu la VGA. Ni kweli kwamba mwezi Desemba 2010 kampuni za Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG zilitangaza kwamba zitaiacha VGA hatua kwa hatua na kuimaliza kufikia 2015, lakini monita za bei ya chini zinazolenga ofisi ziliendelea kutengenezwa zikiwa na VGA pamoja na HDMI. Monita ya namna hiyo haihitaji kifaa chochote cha katikati, na kifaa kisichokuwepo hakiharibiki.

Nilinunua kebo yenye VGA upande mmoja na HDMI upande wa pili, lakini sioni picha yoyote. Kosa liko wapi?

Kosa liko katika kebo yenyewe, kwa sababu ndani yake mna nyaya tupu. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko mengine yote, na linastahili kuelezwa kwa kina, kwa kuwa anayelielewa hatapotezwa tena na umbo la plagi.

VGA ililetwa na IBM mwaka 1987 pamoja na kompyuta zake za PS/2, wakati ambapo karibu monita zote za mezani zilikuwa za chogo. Hupeleka rangi tatu, yaani nyekundu, kijani na buluu, kila moja katika waya wake, na ukali wa rangi huelezwa kwa volti inayopanda na kushuka kati ya 0 na takriban 0.7. Nyaya nyingine mbili huiarifu monita mstari mmoja wa picha unapoishia na picha nzima inapoishia. Hiyo ni ishara ya analogi. HDMI haifanyi hivyo hata kidogo. Yenyewe hupeleka tarakimu, sifuri na moja, kwa kasi kubwa mno na kwa mpangilio wake maalumu. Kuunganisha nyaya za VGA na nyaya za HDMI moja kwa moja ni sawa na kumwimbia mtu anayesubiri kusoma barua: ujumbe upo, lakini hauji kwa njia anayoweza kuupokea.

Ili picha ipite, katikati lazima kuwe na kifaa kinachopima volti hizo mamilioni ya mara kwa sekunde na kuzigeuza tarakimu. Kifaa hicho ni kigeuzi, kina chipu ndani, na chipu inahitaji umeme. Kebo isiyo na kigeuzi ndani yake haitafanya kazi hata ukiibadilisha mara kumi, na inasikitisha kwamba bado inauzwa kwa watu wasio na njia ya kujua.

Basi nitatambuaje kigeuzi kinachofaa?

Uliza ishara inaingilia upande gani na inatokea upande gani, kwa sababu vigeuzi hivi hufanya kazi kwa njia moja tu. Vilivyojaa madukani ni vile vya kutoka HDMI kwenda VGA, kwa kuwa watu wengi wana laptopu mpya na projekta ya zamani. Wewe unahitaji kinyume chake. Vyote viwili huitwa kwa jina lilelile na muuzaji aliye na haraka anaweza kukupa chochote kati yake. Alama ya kuaminika ni umbo la ncha: kigeuzi chako lazima kiwe na plagi ya VGA yenye pini zinazoingia kwenye kompyuta, na upande wa pili kiwe na tundu la HDMI la kupokelea kebo ya monita. Ukiona plagi ya HDMI upande mmoja na tundu la VGA lenye vitundu upande mwingine, hicho si chako.

Kigeuzi kizuri huwa na mkia wa USB wa kuvutia umeme wa volti 5. Uchomeke mkia huo katika tundu la USB la nyuma ya kompyuta, au katika chaja ya simu iwapo picha inakatikakatika, kwa kuwa matundu ya mbele ya kompyuta zilizochoka mara nyingi hayatoi umeme wa kutosha. VGA haibebi sauti, ndiyo maana vigeuzi vingi vina pia tundu dogo la sauti. Waya wake huenda kwenye tundu la kijani la spika la kompyuta, na sauti hutokea kwenye spika za monita kama inazo. Vigeuzi vya kawaida hufikia picha yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na hicho ndicho kiwango unachopaswa kukilenga hata unapochagua monita. Kuinunulia kompyuta ya VGA monita ya 4K ni kulipia nukta ambazo hazitatumika.

Kompyuta yangu ina DVI. Je, nayo inahitaji kigeuzi?

Mara nyingi haihitaji. DVI ilitoka mwaka 1999, na ishara yake ya dijitali inafanana na ile ya HDMI kiasi kwamba kebo ya kawaida ya DVI kwenda HDMI, isiyo na chipu wala umeme, hutosha. Utakosa sauti tu, ambayo utaipitisha kwa waya wa spika. Kebo ya kawaida hubeba hadi nukta 1920 kwa 1200.

Tahadhari ipo upande wa pili, yaani unapotaka kutoka DVI kwenda kwenye monita ya VGA. Lile tundu likiwa na vitundu vinne vinavyouzunguka mwanya bapa, ni DVI-I, nalo linaweza kutoa analogi pia, hivyo adapta ndogo ya DVI kwenda VGA itafanya kazi. Vitundu hivyo vinne visipokuwepo, ni DVI-D, dijitali tupu, na adapta hiyo haitaingia. Usiilazimishe na wala usikate pini zake.

Na ikiwa ina DisplayPort?

Una bahati. Dell OptiPlex 780 na HP Compaq 8000 Elite, ambazo ni za kawaida sana katika maduka ya kompyuta zilizotumika, zina VGA na DisplayPort bega kwa bega, na watu huendelea kutumia VGA kwa mazoea tu. Tundu la DisplayPort la kompyuta likiwa na alama ya herufi D na P zenye jozi ya alama za kujumlisha, adapta rahisi ya kwenda HDMI inatosha. Kurudi nyuma, yaani kutoka HDMI ya kompyuta kwenda DisplayPort ya monita, hakuwezekani kwa adapta rahisi. Hapo panahitajika kigeuzi chenye umeme wake.

Nimeunganisha kila kitu, lakini monita inaandika "No Signal". Mara nyingine inaandika "Out of Range". Kuna tofauti?

Tofauti ni kubwa, na ujumbe wa pili ni habari njema. "No Signal" maana yake ni kwamba hakuna kinachofika. Hakikisha kwanza kwamba monita imewekwa kwenye mlango sahihi, kwa kubonyeza vitufe vyake na kuchagua VGA au HDMI kulingana na waya uliochomeka. Kisha kagua pini za plagi ya VGA, kwa sababu moja ikipinda picha hukosa rangi au hukosekana kabisa. Pini moja kukosekana katikati si lazima iwe ubovu, kwani kebo nyingi za zamani zilitengenezwa bila pini ya 9. Kompyuta ikiwa inatoa milio mfululizo inapowashwa, tatizo haliko kwenye monita. Toa kadi za kumbukumbu za ndani ya kompyuta (RAM), zifute kwa kitambaa kikavu na uzirudishe kwa uthabiti umeme ukiwa umechomolewa.

"Out of Range" maana yake ni kwamba ishara imefika lakini monita haiwezi kuifuata. Sababu ya kawaida ni historia ya kompyuta hiyo. Monita za chogo zilimeremeta na kuumiza macho zilipochora picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo watumiaji makini waliziweka kwenye hezi 75 au 85. Mpangilio huo umebaki ndani ya Windows, na monita bapa nyingi za ofisi, ambazo hazimeremeti hata kwenye hezi 60, hukataa hezi 85.

Nitaurekebishaje mpangilio huo wakati sioni kitu?

Njia nzuri kuliko zote ni kuurekebisha kabla monita ya zamani haijafa. Kama bado inawaka, hata kwa ukungu, iunganishe, weka nukta 1024 kwa 768 na hezi 60, zima kompyuta, kisha ubadilishe monita. Dakika hizo tano huondoa nusu ya matatizo yaliyoelezwa katika ukurasa huu.

Kama imeshakufa, washa kompyuta na ubonyeze F8 mfululizo kabla nembo ya Windows haijatokea. Windows XP na Windows 7 zitakuonyesha orodha yenye mstari wa kuanza kwa picha ya nukta chache: katika XP mstari huo unataja VGA, katika Windows 7 unataja "low-resolution video". Uchague huo, kompyuta itawaka huku kila kitu kwenye kioo kikiwa kikubwa kupita kawaida, na hapo utaweza kuweka hezi 60 na kuwasha upya. Katika Windows 8 na 10 njia ya F8 imezimwa tangu mwanzo, hivyo ni heri kuazima monita au projekta yenye VGA kwa nusu saa kuliko kuhangaika gizani.

Jambo moja huwatisha watu bure. Wakati wa kuwaka, kabla ya Windows, kompyuta ya zamani hutoa maandishi kwa mpangilio wa nukta 720 kwa 400 na hezi 70. Baadhi ya vigeuzi na monita mpya haviuelewi mpangilio huo, hivyo kioo hubaki cheusi kwa muda kisha picha hutokea Windows inapoanza. Hesabu hadi mia kabla ya kuamua kwamba kuna hitilafu. Hata hivyo, kwa fundi anayehitaji kuingia kwenye mipangilio ya BIOS, yaani programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows, hicho ni kikwazo cha kweli, na ndiyo sababu nashauri kila karakana isitupe monita yake ya mwisho yenye VGA.

Picha imetokea, lakini ina ukungu na sura za watu zimepanuka. Nifanye nini?

Haya ni mambo mawili. Upanuzi unatokana na umbo: picha za zamani zina uwiano wa 4 kwa 3, na monita mpya zina 16 kwa 9, kwa hiyo duara huwa yai. Chagua nukta zilezile za asili za monita, mathalani 1920 kwa 1080. Ikishindikana, ingia kwenye menyu ya monita yenyewe na uchague 4:3, ukubali pembeni kubaki michirizi miwili myeusi. Kwa mtu anayechora ramani za viwanja au anayepanga kurasa za jarida, michirizi hiyo ni afadhali mara nyingi kuliko vipimo vya uongo.

Ukungu katika VGA hutokana na monita kupima volti mahali pasipo sahihi katika kila mstari. Fungua ukurasa uliojaa maandishi, kisha ubonyeze kitufe cha kujirekebisha cha monita, ambacho kwa kawaida kimeandikwa "Auto". Ukifanya hivyo kioo kikiwa cheusi au kikiwa na rangi moja tupu, monita haina cha kupimia na matokeo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Kivuli kinachofuata kila herufi upande wa kulia ni dalili ya kebo ndefu au nyembamba mno. Tumia kebo fupi na nene.

Kwa nini Windows hainipi nukta 1920 kwa 1080?

Sababu ya kwanza ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa fulani. Windows iliyosakinishwa upya bila draiva ya kadi ya michoro hutumia draiva ya dharura isiyojua mengi. Sakinisha ile ya mtengenezaji kabla ya kulaumu kitu kingine.

Sababu ya pili ni kwamba monita haijajitambulisha. Kila monita ya kisasa huhifadhi maelezo ya vipimo vyake na kuyatuma kwa kompyuta kupitia nyaya mbili za VGA, pini ya 12 na ya 15. Kebo za bei rahisi mno wakati mwingine hazina nyaya hizo, na kompyuta isipopata maelezo hubaki kwenye vipimo vya kubahatisha, kama vile 1024 kwa 768. Kubadilisha kebo hutatua tatizo hilo. Wenye Linux wanaweza kuongeza vipimo wenyewe kwa amri ya xrandr.

Sababu ya tatu haina dawa, nayo ni hesabu. Picha ya nukta 1920 kwa 1080 yenye rangi kamili hutumia baiti 4 kwa kila nukta, yaani baiti 8,294,400. Kadi yenye kumbukumbu ya megabaiti 4, kama zilizokuwa nyingi katikati ya miaka ya 1990, haina pa kuiweka. Ukipunguza rangi ziwe za baiti 2, picha itaenea kwa shida. Kadi ya megabaiti 2 itakupa 1024 kwa 768 kwa rangi hizo hizo za baiti 2 na kubakiwa na nafasi kidogo. Na kama monita yako ni ya nukta 1366 kwa 768, usishangae kupewa 1360, kwa kuwa kadi nyingi za zamani hupanga upana kwa mafungu ya nukta nane, na 1366 haigawanyiki kwa nane.

Je, ni bora kuongeza kadi ya michoro?

Kwa kompyuta yenye nafasi ya PCI Express, yaani mwanya wa ndani wa kuchomekea kadi, ndiyo, na pengine ni suluhisho safi kuliko kigeuzi, kwa kuwa ishara hutoka ikiwa dijitali tangu mwanzo. GeForce 210 na Radeon HD 5450 ni kadi za kale, hazili umeme mwingi, zina draiva za Windows XP na 7, na matoleo mengi yana HDMI. Pima urefu wa kasha kwanza: kasha jembamba linahitaji kadi fupi na kibati chake kifupi. Kompyuta ya kabla ya 2004 huenda ina nafasi ya AGP, ambayo ni ya aina ya zamani zaidi, badala yake, na kadi ya PCI Express haitaingia humo kwa namna yoyote.

Adapta ya USB kwenda HDMI je?

Inafanya kazi kwa kutegemea programu, kwa hiyo kioo kitakuwa cheusi mpaka Windows iwe imeshawaka, na USB 2 ni nyembamba mno kwa video. Nisingeipendekeza kama monita ya pekee.

Nina kompyuta ya kabla ya VGA, yenye tundu la pini tisa. Kuna njia?

Ipo, lakini ni ya wapenzi wa mashine za kale. CGA ya 1981 na EGA ya 1984 zilitumia tundu la pini tisa na ishara ya dijitali ya aina nyingine kabisa. CGA huchora takriban mistari elfu kumi na tano na mia saba kwa sekunde, ilhali VGA ya kawaida huchora zaidi ya elfu thelathini na moja, na ndiyo sababu kuunganisha nyaya tu hakusaidii. Mradi wa wazi uitwao RGBtoHDMI, unaotumia Raspberry Pi Zero, husoma ishara hizo na kutoa HDMI kwa usafi wa kuvutia. Chunguza pia kama kadi yako ya CGA ina tundu la duara la video, kwa sababu televisheni zenye mlango wa njano zinaweza kulipokea, ingawa maandishi hayatakuwa makali.

Naweza kutumia televisheni badala ya monita?

Unaweza. Nyingi za miaka ya nyuma zina VGA iliyoandikwa "PC". Kwa HDMI, kingo za picha zikikatwa, tafuta katika menyu ya televisheni mpangilio unaoonyesha picha nzima bila kuikuza.

Nifanye nini na monita ya chogo niliyoiondoa?

Kama ilikuwa inawaka, utaona tofauti kwenye mita ya umeme ya LUKU, kwani ya inchi 17 hula kati ya wati 70 na 100, na monita mpya ya inchi 19 hula takriban wati 20. Usiifungue wewe mwenyewe. Bomba lake hufanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000, na linaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Usiivunje wala kuichoma kwa ajili ya shaba iliyomo, kwa kuwa kioo chake kina risasi, na vumbi la risasi hudhuru watoto kuliko watu wazima. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki, na Rwanda ina kiwanda cha kazi hiyo Bugesera. Penginepo, ihifadhi mahali pakavu, kioo kikielekea ukutani, mpaka utakapopata mpokeaji mwenye kibali.